Mikono miwili, upasuaji wa aina mbili

Kovu la mkono wangu wa kulia linaanzia karibu na mkunjo wa kifundo na kushuka katikati ya kiganja, sentimita nne kamili. Nimelipima mwenyewe kwa futi ya kushonea. La mkono wa kushoto huwezi kuliona mpaka nikuoneshe, maana limelala ndani ya mkunjo wenyewe wa kifundo na halifiki sentimita moja na nusu. Ugonjwa ulikuwa mmoja, wa neva, yaani mshipa wa fahamu, kubanwa ndani ya kifundo cha mkono; mwenye mikono ni mmoja, na kilichokatwa ndani ni kitu kilekile. Ndiyo sababu kila anayepata habari zangu huniuliza swali hilohilo: upi bora, upasuaji wa kufungua kiganja au wa kamera?

Kwa zaidi ya mwaka mzima nilijibu bila kusita kwamba ni wa kamera. Niliwaambia wateja, nikawaambia mafundi wenzangu, nikamwambia na mdogo wangu alipoanza kuamka usiku akikung'uta mkono. Leo sijibu hivyo. Nimeona kwamba nililinganisha vibaya, na kwa kuwa wapo waliofuata maneno yangu, nawiwa kueleza nilipokosea.

Mimi ni fundi nguo. Cherehani ninayo, lakini kazi iliyonijengea jina ni ya mkono: pindo za hariri, vifungo vya kufunikwa kitambaa, tarizi. Ganzi ilinianza mkono wa kulia, usiku. Naamka saa nane mkono umekufa, nao si wote: kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, ile nusu inayotazamana na cha kati. Kidole cha mwisho kizima kabisa. Naukung'uta kando ya kitanda, unachomachoma kama umevamiwa na sisimizi, kisha unarudi na usingizi unanichukua tena. Asubuhi nimeshasahau.

Baadaye daktari aliponisikia nikitaja ile nusu ya kidole cha pete, alisema hata nisingeongeza neno jingine angeshajua pa kutazama. Alinionesha kwenye mkono wake mwenyewe. Mbele ya kifundo cha mkono kuna handaki. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo ya kifundo, iliyopangika kama upinde. Paa lake ni ligamenti, yaani utepe mpana na mgumu unaoshika mifupa, inayokatiza kutoka upande wa gumba hadi upande wa kidole cha mwisho. Ndani ya handaki hilo zinapita kano tisa za kukunjia vidole, na pamoja nazo neva moja, neva ya kati, ambayo ndiyo inayohisi vidole vile vitatu na nusu na kuendesha sehemu kubwa ya misuli iliyo kwenye shina la gumba. Mifupa haisogei wala ligamenti haivutiki. Utando unaozunguka kano ukivimba, au maji yakijaa mwilini kama inavyowatokea wajawazito, au mtu akiwa na kisukari, tezi ya shingo iliyopungua nguvu, ama baridi yabisi, kinachoumia ndani humo ni neva, kwa kuwa ndiyo laini kuliko vyote. Hospitalini wengi huutaja ugonjwa huu kama kapali taneli. Wanawake tunapatwa nao zaidi kuliko wanaume.

Nilichelewa miaka mitano. Hilo ndilo neno ninalotaka msomaji alishike mapema, maana mengine yote yanalizunguka. Si kwamba nilikaa bure. Nilivaa banzi la usiku la kunyoosha kifundo, na mwanzoni lilinisaidia sana, kwa sababu kifundo kikikunjwa handaki linazidi kubana na wengi wetu tunalala tumekikunja. Nilichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, mara mbili. Ya kwanza ilinipa miezi mitano ya raha, ya pili ikanipa miwili. Sindano ile ni dawa nzuri na kwa baadhi ya watu inatosha. Mimi niliitumia kama kisingizio cha kuahirisha. Kila nilipopata nafuu nilijiambia limekwisha.

Kisha ganzi ikaacha kuwa ya usiku tu. Sindano ilinidondoka mkononi bila mimi kujua kwamba imedondoka. Naona uzi unaning'inia, vidole vimeshika hewa. Hariri na satini, ambazo nilikuwa nazitofautisha nimefumba macho tangu nikiwa msichana, zikawa kitambaa kimoja. Siku moja nilikuwa nimeweka mkono mezani kiganja kikitazama juu, mwanafunzi wangu akauliza, "Mama, mbona hapa pamebonyea?" Aliugusa mnofu wa shina la gumba. Nikauweka mkono wa kushoto pembeni yake. Wa kushoto ulikuwa na kilima cha nyama pale, wa kulia ulikuwa na bonde, na mfupa wa gumba ulikuwa unaonekana chini ya ngozi. Sijui lini lilianza. Nilikuwa nautazama mkono ule kutwa nzima kila siku, nisilione.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa daktari wa upasuaji wa mikono. Alinigongagonga kwa ncha ya kidole juu ya kifundo, kipimo kinachoitwa kwa jina la Tinel, Mfaransa. Nikahisi shoti hadi kwenye kidole cha kati. Akaniambia nikunje vifundo vyote viwili kwa sekunde 60, kipimo cha Phalen. Wa kulia ulikufa ganzi kabla hajahesabu kumi. Wa kushoto, ambao sikuwa nimeulalamikia, ulianza ganzi kwenye sekunde ya hamsini. Kipimo cha umeme wa neva kikamaliza ubishi: kulia, hali mbaya sana, kushoto, ndiyo kwanza panaanza. Karatasi ile niliikunja nikaitia kwenye droo, na wala sikuitazama tena mpaka baada ya miaka miwili na zaidi.

Mkono wa kulia ulipasuliwa kwa njia ya wazi, ambayo ndiyo ya zamani. Upasuaji wa kuikata ligamenti kwa ajili ya ugonjwa huu daktari aitwaye Learmonth aliuandika mwaka 1933, na Phalen ndiye aliyeufanya ujulikane kuanzia miaka ya 1950. Daktari anakata ngozi ya kiganja kwa kufuata mstari wa kidole cha pete, ili awe mbali na tawi la neva linaloendesha gumba, kisha mafuta, kisha utando wa kiganja, halafu anaifikia ligamenti na kuikata yote kutoka mwanzo hadi mwisho huku akiiona neva kwa macho yake. Hakuna kinachotolewa wala kuongezwa. Paa linafunguliwa, kingo mbili zinaachana, handaki linapata nafasi, na baadaye pengo linajaa kovu, kwa hiyo ligamenti inapona ikiwa ndefu zaidi kuliko ilivyokuwa. Kwangu ilichukua dakika kama ishirini.

Nilichomwa ganzi ya kiganja tu, sikulazwa kwa nusu kaputi. Cha kushangaza, kisu sikukisikia kabisa. Kilichonitesa ni ule mpira wa kubana damu uliofungwa juu ya mkono. Dakika ya kumi mkono ulikuwa unawaka kama umebanwa na mlango, na nilikuwa nahesabu pumzi. Nililia, na sioni haya kusema.

Wakanifunga bendeji nene na banzi, nikae hivyo wiki mbili hadi siku ya kutoa nyuzi. Nyuzi zikatoka. Usingizi ulirudi mapema, tangu wiki ya kwanza sikuamshwa na ganzi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini vidole vilikuwa vigumu kama vya mtu aliyekaa baridini, na kiganja hakikugusika kwa maumivu. Kuna maumivu ambayo madaktari huyaita maumivu ya nguzo: si kwenye kovu lenyewe, ni pande zake mbili, kwenye minofu ya shina la gumba na ya upande wa kidole cha mwisho, pale ambapo ligamenti ilikuwa imejishika. Ukijisukuma kuinuka kitini unayasikia. Ukifungua mfuniko unayasikia. Mkasi wangu mkubwa wa kukatia kitambaa una mpini unaokaa hapohapo hasa. Niliushika tena baada ya wiki kumi, na maumivu ya nguzo yalinitoka kabisa kwenye mwezi wa tano.

Na ganzi ya ncha za vidole ilibaki. Nilirudi kwa daktari nikiwa na hasira. Aliniuliza kama nina futi kwenye mkoba. Bila shaka ninayo. Akapima kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole changu cha kati: sentimita 18. "Nyuzi za neva zilizokufa huota upya kama milimita moja kwa siku," akasema. "Piga hesabu." Siku 180, nazo ni kwa nyuzi zitakazofika.

Miezi kumi na minne baadaye mkono wa kushoto ulianza kuniamsha. Safari hii sikusubiri. Nilikuwa hospitali nyingine, kwa daktari mwingine, na yeye alitumia kamera. Njia hii iliingia mwishoni mwa miaka ya 1980: Okutsu kule Japani na Chow kule Marekani, kila mmoja kwa mbinu yake, na baada yao Agee akaja na kifaa cha tundu moja. Wangu ulikuwa wa tundu moja. Daktari anakata ngozi kidogo kwa upana kwenye mkunjo wa kifundo, anaingiza bomba jembamba lenye kamera chini ya ligamenti, anaitazama kwenye skrini, kisha wembe mdogo unainuka kwenye ncha ya bomba na kuikata ligamenti kutoka chini wakati bomba linavutwa kurudi. Ngozi ya kiganja, mafuta na utando wa juu vinabaki vizima. Fundi mwenzangu atanielewa nikisema ni kukata bitana kwa ndani bila kukigusa kitambaa cha juu.

Kabla ya kusaini aliniambia jambo ambalo nililipenda: kwamba akiingia na asione vizuri, atatoa kamera na kufungua kiganja palepale, nami nikubali hilo kabla. Nikakubali. Hakulazimika.

Usiku wa siku ileile nililala hadi asubuhi. Bendeji nyepesi, hakuna banzi, na niliambiwa nikunje na kunyoosha vidole tangu nikiwa bado hospitalini. Siku ya kumi na mbili nilikaa kwenye cherehani. Wiki ya nne nilitunga uzi kwenye sindano namba kumi kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo mkono wa kulia haukuliweza hata baada ya mwaka. Ningewezaje kutosema kamera ni bora? Nilikuwa na ushahidi mikononi mwangu.

Mdogo wangu kazi yake ni ya kuandika kwa kompyuta. Alipoanza kukung'uta mkono nilimpeleka mimi mwenyewe kupimwa, nikashukuru kwamba amewahi, neva yake ilikuwa imebanwa kwa kiasi cha kati na mnofu wa gumba umejaa. Nikampa jina la daktari wa kamera. Lakini yeye alikuwa ameshapata wake, mama mmoja aliyefanya upasuaji wa kiganja kwa miaka mingi, na huyo alimpendekezea njia ya wazi ya tundu dogo, sentimita mbili, tena bila mpira wa kubana damu.

Tuligombana. Nilimwonesha makovu yangu yote mawili mezani, kama vile hakuwahi kuyaona. Akanijibu taratibu, "Dada, nilimuuliza kama anaijua kamera. Akasema anaijua, ila amefanya chache, na hii amefanya mamia. Mimi nataka ile ambayo mkono wake umeizoea." Sikuwa na jibu, ila sikuridhika. Niliomba kumsindikiza.

Walimchoma ganzi iliyochanganywa na adrenalini, kisha wakatuacha tukae kwenye benchi karibu nusu saa. Ngozi ya kiganja chake ilikuwa inageuka nyeupe polepole, mahali palipochomwa tu, kama doa la unga, kwa sababu adrenalini inaifunga mishipa midogo ya damu; ndiyo inayofanya kazi ya ule mpira ulionitesa. Daktari alitueleza kwamba kwa vizazi vizima wanafunzi wa udaktari walifundishwa adrenalini isiguse vidole, vitaoza. Daktari mmoja wa Kanada, Donald Lalonde, na wenzake wakalifuatilia jambo hilo, na mwaka 2005 wakachapisha habari za wagonjwa zaidi ya 3,000 waliochomwa adrenalini mikononi na vidoleni bila hata mmoja kupoteza kidole. Mdogo wangu aliingia akiwa macho, akazungumza na daktari muda wote, na katikati ya upasuaji aliambiwa akunje vidole, akakunja. Alitoka ameshika mkoba wake kwa mkono mwingine na akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji.

Hakuvaa banzi. Wiki ya pili nyuzi zilitoka. Wiki ya tatu alikuwa anaandika, akilalamika kidogo akiegemeza kiganja mezani. Mwezi wa pili nilimfumba macho nikampa hariri na satini. Akazitaja zote bila kukosea, naye si fundi.

Siku ya kutoa nyuzi nilimwomba yule mama daktari autazame mkono wangu wa kulia. Akaniuliza vipimo vya umeme vya zamani viko wapi. Wiki iliyofuata nikampelekea ile karatasi ya kwenye droo, pamoja na ya kushoto. Alizilaza sambamba, akazisoma, akaugusa mnofu wangu wa gumba kwa kidole kimoja. "Mama, hata huu wa kulia ungepasuliwa kwa kamera, mnofu huu usingerudi."

Akanieleza kwa mfano wa waya wa umeme. Neva inayobanwa huanza kuumia kwenye gamba lake. Mawasiliano yanapungua kasi, unapata ganzi ya usiku, lakini nyuzi za ndani ni nzima. Ukiondoa kibano katika hatua hiyo, gamba linajijenga upya kwa wiki kadhaa, na ganzi ile inayotokana na damu kukosa nafasi huweza kuondoka usiku uleule. Ukiacha miaka ikapita, nyuzi zenyewe zinakufa. Hizo ndizo zinazoota milimita moja kwa siku, na misuli iliyokaa muda mrefu bila neva haimngojei mtu. Mkono wangu wa kushoto na wa mdogo wangu ilipasuliwa ikiwa kwenye hatua ya gamba. Wa kulia ulipasuliwa ukiwa umeshapita huko.

Nilirudi nyumbani nikaanza kufumua mshono mmoja mmoja. Wa kulia ndio mkono ninaoutumia, kwa hiyo kila maumivu ya kiganja niliyasikia mara mia kwa siku. Wa kushoto ungeweza kuuma nisijue. Wa kulia ulifungwa banzi wiki mbili, na tafiti zilizolinganisha waliofungwa na wasiofungwa baada ya upasuaji huu hazikuona faida ya banzi. Ule ugumu wa vidole nilioutupia upasuaji wa wazi huenda sehemu yake kubwa ilikuwa ya banzi. Mateso ya mpira wa kubana damu nayo niliyahesabu dhidi ya njia ya wazi, ilhali mdogo wangu alifunguliwa kiganja bila mpira. Niliyaweka yote haya upande mmoja wa mizani, nikasema mizani imeegemea kamera.

Na lipo jambo nililolificha, ingawa sikukusudia. Baada ya kamera, kidole changu cha kati cha kushoto na upande wa kidole cha pete vilipata ganzi mpya, ambayo sikuwa nayo kabla. Ilikaa wiki sita. Bomba linapopita kwenye handaki ambalo tayari limejaa, neva inaweza kusukumwa na kukasirika kwa muda, na hilo hutokea zaidi kwa kamera kuliko kwa njia ya wazi. Kwangu ilipita, na karibu kila mara hupita. Lakini katika watu wote niliowasifia kamera sikumbuki kumwambia hata mmoja habari hiyo.

Sasa niseme kile ambacho ulinganisho wa kweli unaonesha, uliofanywa kwa mikono mingi na wala si miwili yangu. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 28 zenye mikono zaidi ya 2,500. Kwa kuondoa ganzi na maumivu ya ugonjwa wenyewe, njia ya wazi na ya kamera zilikaribiana sana. Madhara makubwa pia hayakutofautiana. Waliofanyiwa kwa kamera walirudi kazini au kwenye shughuli zao mapema zaidi, kwa wastani wa siku 8 hivi, na walikuwa na matatizo machache ya kidonda na kovu. Upande wa pili, ganzi za kupita kama ile yangu zilikuwa nyingi kwao. Siku nane ni kitu kwa mtu anayelipwa kwa siku, au anayetembea kwa magongo na hana budi kuegemea viganja, au mwenye kumhudumia mgonjwa peke yake. Sizidharau. Lakini mimi nilikuwa natangaza tofauti ya mwaka.

Tena kuna ambao kamera haiwafai. Mtu anayerudia upasuaji, kwa kuwa makovu ya zamani yamevuruga ramani ya ndani. Mtu mwenye uvimbe ndani ya handaki, au aliyevunjika kifundo kikapona vibaya, au ambaye kifundo hakikunjuki vya kutosha kupitisha bomba. Mwenye baridi yabisi ambaye utando wa kano umevimba sana naye mara nyingi anahitaji kufunguliwa ili daktari aone na kusafisha. Siku hizi wapo pia wanaokata ligamenti kwa kuongozwa na altrasaundi, kwa tundu dogo kuliko yote, na huko sijafika wala sina mtu wa karibu aliyefika.

Kwa njia yoyote ile, kinachoharibu kazi mara nyingi ni kimoja: ligamenti kutokatwa yote. Ikibaki kipande, hata kiwe kidogo, mara nyingi upande wa kiganja, neva inaendelea kubanwa palepale na mgonjwa anasema upasuaji haukumsaidia. Mtu ambaye ganzi yake ya usiku haikupungua hata kidogo wiki chache baada ya kupasuliwa asiambiwe avumilie tu. Arudi, aulize kama ilikatwa yote. Ndiyo maana jibu la mdogo wangu lilikuwa zuri kuliko makovu yangu. Ukubwa wa tundu nilikuwa nauuliza kwa sababu ndio ninaouona. Yeye aliuliza ni mara ngapi.

Nikiulizwa leo, nami nauliza kwanza. Umeanza lini? Ganzi inakuja usiku na kuondoka, au imekaa? Vitu vinakudondoka? Umepimwa sukari na tezi? Kama una ujauzito, ganzi hii kwa wengi huondoka baada ya kujifungua, banzi la usiku linatosha kukuvusha. Kama ni miezi michache na inakuja na kuondoka, banzi na pengine sindano vina nafasi yake, ila weka siku ya kurudi kupimwa, usiweke matumaini tu kama nilivyoweka. Mambo ya kamera au kisu tunayafikia mwisho, na mara nyingi ninamwambia mtu amfuate daktari ambaye mikono yake inaijua njia moja vizuri.

Mkono wangu wa kulia sasa una miaka minne tangu upasuliwe. Haunichomi, hauniamshi, nakata kitambaa nao kutwa. Bonde la shina la gumba liko palepale. Hariri naijua kwa mkono wa kushoto.

Mwezi uliopita alikuja mteja kupimwa nguo. Nilipokuwa nazungusha futi mabegani alinyoosha mkono akaukung'uta, mara mbili, kwa namna ninayoijua. Akaona nimeacha kupima. Akasema amesikia mimi nilifanyiwa kwa kamera, kwamba haiachi kovu, naye anakusanya fedha kidogokidogo afanye hiyo, labda mwakani. Nikamwomba aweke mikono yote miwili juu ya meza ya kukatia, viganja vikitazama taa. Mnofu wa kushoto ulikuwa umejaa. Wa kulia ulikuwa umeanza kutelemka upande wa nje wa gumba, kidogo tu, kama kitambaa kilichopigwa pasi mahali pamoja. Nilipitisha kidole changu pale, nikamwambia naye apitishe chake. Alinyamaza. Nilitafuta namba ya yule mama daktari kwenye simu, tukapiga tukiwa tumesimama pale pale mezani, na mabega yake nilikuja kuyamaliza siku nyingine.